Sauti Iliyoharakishwa

Katika nyumba za kupanga za Nyanchwa, upande wa chini wa kanisa, majirani walijua kwamba Baba Kemunto anafanya kazi ya kompyuta. Ni kazi gani hasa, hakuna aliyeweza kusema. Hakuwa na saiba ya kukodishia watu kompyuta, hakutengeneza mashine zilizoharibika, na hakuna mteja aliyewahi kuonekana akibisha hodi kwake. Asubuhi alimpeleka bintiye shule, akarudi, akafunga mlango. Siku moja mwenye nyumba alimuuliza Lavender, mke wa Baba Kemunto, mumewe anafanya nini humo ndani kutwa nzima.

"Anafanya vitu viende haraka," Lavender akasema.

"Vitu gani?"

"Hata mimi nikimuuliza, ananiambia ni vitu."

Jina lake Omosa Machogu, mzaliwa wa Magwagwa. Alisomea Nairobi, akaajiriwa huko na kampuni ya programu, na kampuni ilipofunga ofisi alirudi Kisii na mke, mtoto na laptopu. Ustadi alioondoka nao ulikuwa mgumu kuuza. Wengi wanaoandika programu hukaa juu: wanaiambia simu ifungue picha, nayo inafungua. Chini yao kuna wachache wanaoandika maktaba, yaani mafungu ya kazi zilizokwisha andikwa, ambazo programu nyingine huazima bila kuuliza zimeandikwaje. Omosa alikuwa mtu wa huko chini. Alichukua kazi moja kama hiyo, akatazama prosesa, ule ubongo wa mashine, inavyoitekeleza hatua kwa hatua, kisha akaondoa kila hatua isiyo na faida. Kazi iliyokuwa inakokota miguu ilianza kukimbia, na aliyekuwa juu hakujua kilichotokea.

Mwanzoni alipata vibarua vya namna hiyo kutoka ng'ambo. Baadaye vilipungua. Makampuni yaliona ni rahisi kununua mashine kubwa zaidi kuliko kumlipa mtu wa Kisii akae na mashine ndogo akiisikiliza. Mwaka uliofuata haukuleta chochote. Omosa aliendelea kufunga mlango kila asubuhi, lakini Lavender, akipita na nguo za kuanika, alimwona kupitia dirishani ameketi mbele ya skrini iliyozimika.

Dada yake Omosa alikuwa Nyanchera, amemzidi umri kwa miaka kadhaa. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja upande wa Sironga, mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyofika darasa la jirani bila yeye kuipandisha. Presha ya macho ilimwingia polepole, bila maumivu, na ilipogunduliwa jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilibaki na nuru kidogo katikati. Aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: ukingo wa njia, mlango, rangi ya sweta za wanafunzi. Ilimtosha kutembea mwenyewe kutoka nyumba aliyopanga hadi shuleni. Mwalimu mkuu alimruhusu aendelee kufundisha kwa mdomo, na mwenzake alimsomea insha za kusahihisha. Nyanchera alisema maadamu anafika shuleni kwa miguu yake, bado ni mwalimu. Siku atakayoshikwa mkono kama ng'ombe wa mnada, atarudi kwa mama yake Magwagwa.

Alinunua simu yenye sauti inayosoma kilichoandikwa kwenye skrini. Ilikuwa ya bei ya chini, ya zamani kidogo. Jumapili moja Omosa alipomtembelea, alimwonyesha.

"Hebu sikiliza," Nyanchera akasema. Akagusa skrini. Kimya. Akagusa mahali pengine, akangoja, akagusa tena. Ndipo sauti ikasema, "Ujumbe."

"Umegusa ujumbe?" Omosa akauliza.

"Nimegusa ujumbe zamani. Saa hii nimegusa kitu kingine, na sijui ni nini mpaka niguse cha tatu." Akaiweka simu mapajani. "Ni kama kufundisha mtoto anayejibu swali la jana."

Omosa alicheka. Lakini njia nzima ya kurudi Nyanchwa alikuwa akiwaza ule ukimya uliokuja kati ya kidole na sauti. Hapo palikuwa na kazi inayofanywa vibaya. Alijua harufu yake.

Sauti ile ilitegemea maktaba moja ya bure, iliyoandikwa na watu wanaojitolea katika nchi mbalimbali. Mtu yeyote aliweza kuisoma na kupendekeza mabadiliko. Kwenye simu mpya ilijibu vizuri. Kwenye simu za zamani ilisuasua, na kati ya walioiandika hakuna aliyekuwa na simu kama hizo, kwa hiyo hakuna aliyesikia.

Alikwenda mjini kwenye duka la Shueib, aliyeuza na kutengeneza simu kama baba yake kabla yake.

"Nataka simu mbaya kuliko zote ulizo nazo," Omosa akasema.

Shueib alimtazama. "Ndugu yangu, watu huja hapa kutafuta nzuri."

"Iwe ya zamani, iwe dhaifu, mradi inawaka."

Shueib alifungua kasha la chini ya meza, akamtolea moja yenye kioo kilichopasuka, ndugu wa ile ya Nyanchera. "Chukua. Ukimaliza kuitesa nirudishie."

Tangu siku hiyo skrini ya Omosa haikuzimika tena. Aliunganisha simu na laptopu, akawa anaisemesha sentensi na kupima muda unakopotelea. Alisoma maagizo ya prosesa yenyewe, yale ambayo watu wengi hawana haja ya kuyaona maisha yao yote. Aliandika, akapima, akafuta. Chakula kilipoa mezani. Lavender hakulalamika, maana kwa mara ya kwanza tangu warudi Kisii alimsikia akipiga mluzi.

Alipokwenda tena Sironga, Nyanchera alimtaka amweleze alichokipata, kwa lugha ya mtu mzima.

"Ukichuma chai," Omosa akasema, "mche mmoja ukiwa Magwagwa na unaofuata ukiwa huku Sironga, utajaza kikapu?"

"Sitajaza hata mkono."

"Basi sauti yako ilikuwa inachumwa hivyo. Vipande vyake vimetawanywa ndani ya simu. Prosesa ikitaka kimoja inasafiri, ikitaka cha pili inasafiri tena, na safari ndiyo ulikuwa unangojea. Nimevipanga kwa mistari, vifuatane kama miche ya shamba moja."

"Ni hilo tu?"

"Kuna lingine. Ilikuwa inachuma jani moja moja. Kumbe ina uwezo wa kuchuma manane kwa mkupuo, kama mtu mwenye mikono minane, ila hakuna aliyekuwa ameiambia."

"Mikono minane, na inalipwa kama mwenye miwili," Nyanchera akasema, na wote wawili wakacheka.

Omosa alituma kazi yake kwa wasimamizi wa maktaba. Mmoja wao, mtu asiyemjua ila kwa maandishi, aliisoma mstari kwa mstari na kuisifu. Kisha akauliza swali. Vipande vya sauti vikichukuliwa vinane vinane, sentensi ikiisha na vikabaki vitano au vitatu visivyotimiza fungu, hivyo vinakwenda wapi?

Vilikuwa vinaachwa. Omosa alilijua hilo na alikuwa amelichunguza. Kila sentensi ilimalizikia kwenye ukimya mfupi, na vilivyoachwa vilikuwa vipande vya ukimya huo. Kuvishughulikia kungehitaji kuongeza mistari mwishoni mwa kazi iliyokuwa imenyooka, na Omosa aliipenda ikiwa imenyooka. Alimjibu msimamizi kwa adabu, akamwekea vipimo: kinachopotea ni kimya, na kimya hakina maana kwa msikilizaji. Msimamizi aliridhika. Kazi ikaunganishwa na maktaba, ikasambazwa.

Omosa mwenyewe ndiye aliyeiweka kwenye simu ya Nyanchera, wameketi nje ya nyumba yake huko Sironga. Nyanchera aligusa skrini na sauti ikajibu papo hapo. Akagusa tena. Akapitisha kidole kuanzia juu mpaka chini, na maneno yakamfuata bila kubaki nyuma. Aliuinamisha uso, na Omosa akaona mabega yake yanatikisika. Alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Sasa inajibu kabla sijauliza," akasema.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Nyanchera alisoma habari zake mwenyewe, somo la Sabato mwenyewe, ujumbe wa shule mwenyewe. Alipiga marufuku mtu mwingine kumsomea kitu. Na kama wafanyavyo wengi wanaosoma kwa masikio, alianza kuiongezea sauti mwendo, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka ikawa wengine hawashiki hata neno. Siku Lavender alipomtembelea na mtoto, Nyanchera alimwekea simu sikioni.

"Mama Kemunto, unasikia nini?"

"Nyuki," Lavender akasema.

"Hiyo ni Zaburi."

Kutoka nchi asizozijua, watu wachache walimwandikia Omosa kumshukuru. Mmoja alisema mzee wake sasa anasoma magazeti kwa simu iliyokuwa imetupwa. Lavender alimsikia akimsomea mtoto maneno hayo kwa sauti, kana kwamba Kemunto, mwenye miaka minne, ndiye bosi wake.

Kliniki ya macho ambayo Nyanchera alihudhuria mjini Kisii ilikuwa Jumatano. Presha ya jicho la kushoto ilikuwa inapanda licha ya dawa ya matone, na waliamua afanyiwe upasuaji mdogo wa kuishusha, ili ile nuru ya katikati isizimike. Daktari wa upasuaji huo alikuja mara chache kutoka mbali, akahudumia waliopangwa, akaondoka. Nyanchera aliambiwa atatumiwa ujumbe. Ujumbe ulipofika alimpigia Omosa.

"Ni Jumatano," akamwambia. "Njoo unisindikize, baada ya pale nitakuwa nimefungwa jicho."

Jumatano Omosa alimngoja kwenye lango la hospitali. Nyanchera alifika kwa pikipiki ya Anyona, mwendesha boda wa Sironga aliyezoea kumbeba. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alishuka mwenyewe, akalitafuta lango kwa lile jicho moja, akalipita bila kushikwa. Waliketi kwenye benchi na wengine. Zamu yao ilipofika, nesi aliangalia kadi, akaangalia tena.

"Mwalimu, daktari wa upasuaji alikuwa hapa juzi," akasema. "Tulikuita jina, hukuwepo. Ameshaondoka."

"Nilitumiwa ujumbe," Nyanchera akasema. "Ulisema Jumatano."

"Wote tuliwatumia mmoja. Jumatatu."

Omosa aliiomba simu. Akaufungua ujumbe na kuusoma kwa macho yake: *Daktari wa upasuaji wa macho atakuwepo Jumatatu.* Alidhani dadake alisahau tu, kama mtu yeyote anavyosahau.

"Hebu icheze vile unavyoisikiliza wewe," akamwambia.

Nyanchera aliicheza. Maneno yalipita mbio, Omosa hakushika kitu. Akamwomba airudie, akainama mpaka sikio likagusa simu. Mara ya tatu alisikia. *Atakuwepo Jumata.* Sauti ilikatika hapo, safi, kama mtu aliyezibwa mdomo. Aliipunguza mwendo, ikasema *Jumatatu* yote. Akairudisha ilipokuwa. *Jumata.*

Aliketi. Hakuhitaji laptopu kujua. Mwendo ulipoongezwa, ukimya wa mwisho wa sentensi ulifupishwa pamoja na maneno, ukafika mahali haukubaki kabisa. Vipande vichache visivyotimiza fungu, vile alivyosema havina maana kwa msikilizaji, havikuwa kimya tena. Vilikuwa silabi.

"Dada," akasema, "hii sauti huwa inakata maneno?"

Nyanchera akaichukua simu yake. "Mara nyingine inameza mwisho. Si kila mara."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoitengeneza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Omosa? Ulikaa mwaka mzima kama mtu aliyefiwa. Halafu nikakusikia unacheka." Alikuwa anaikunja kadi ya kliniki na kuikunjua. "Nikasema nitakuwa namalizia mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, neno likikatika najua linakoelekea."

"Na hili?"

"Kliniki siku zote ni Jumatano."

Nesi alipiga simu mara kadhaa mbele yao. Daktari alikuwa ameshafika kaunti nyingine, na wagonjwa wa huko wanamngoja. Jina la Nyanchera liliandikwa kwa safari yake ijayo. Aliongezewa matone. Walipotoka, Omosa alimshika mkono kwenye ngazi na Nyanchera akauondoa mkono wake, bila hasira, akashuka mwenyewe.

Nyumbani Omosa hakumwambia Lavender kitu mpaka alipomaliza kurekebisha. Haikuchukua muda. Kosa lilihitaji mistari mitatu: vikibaki vipande visivyotimiza fungu, vichukuliwe kimoja kimoja mpaka viishe. Mwanafunzi angeweza kuiandika. Kisha alipima mwendo kwenye ile simu ya Shueib. Alitamani matokeo yawe mabaya. Alitamani simu isite, ijivute, ili angalau iwe kwamba kuna kitu kilinunuliwa kwa ile silabi. Akapima tena. Hakukuwa na tofauti. Sauti ilikuwa na haraka ile ile, na neno lilikuwa zima.

Lavender alimkuta ameegemea ukuta. Akamweleza.

"Lakini hukukusudia," Lavender akasema.

"Niliulizwa," Omosa akajibu. "Kuna mtu aliniuliza vinakwenda wapi, nikamwambia havina maana."

Aliituma ile mistari mitatu kwa wasimamizi. Chini yake aliandika habari za dada yake, ujumbe, hospitali. Alipoisoma ilionekana kama mtu anayeomba kuhurumiwa. Akaifuta yote, akaacha sentensi moja: kwamba katika mwendo wa juu mwisho wa maneno ulikuwa unapotea, na sasa haupotei. Msimamizi alijibu kwa neno la shukrani akaiunganisha. Huko kwingine, kwa wale waliosoma kwa mwendo wa juu katika miezi ile yote, ni maneno gani yaliyokatika na yalikatikia wapi, hakuna aliyejua wala atakayejua.

Wiki mbili hazikuisha. Nyanchera aliamka na maumivu makali juu ya jicho la kushoto, akitapika. Anyona alimkimbiza mjini. Omosa na Lavender walipofika alikuwa amelala, amepewa dawa ya kushusha presha, na presha ilikuwa imeshuka. Lakini alipofumbua jicho hakugeuka kuelekea mwanga wa dirishani, na Lavender akamwona Omosa anajua.

Daktari wa zamu aliwaita kando. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, asiyependa kuzungusha maneno. "Mshipa wa jicho umekufa," akasema. "Hauwezi kufufuliwa hapa wala kwingine."

"Angefanyiwa ile Jumatatu?" Omosa akauliza.

"Labda lingebaki."

"Labda kiasi gani?"

"Mimi sitakudanganya. Kuna wanaofanyiwa na linakwenda vile vile. Kuna wanaofanyiwa na wanakaa nalo hadi uzeeni. Dada yako angekuwa yupi, sitajua."

Omosa alimshukuru. Baadaye Lavender aliwaambia ndugu kwamba neno lile la daktari, ambalo alidhani litampunguzia mumewe mzigo, ndilo lililomfunga. Kama daktari angesema lingepona, angejua uzito wa alichofanya. Kama angesema lisingepona, angeupumzisha moyo. Aliachwa katikati.

Nyanchera alijaribu kurudi shuleni. Mwalimu mkuu alimpokea, na mwenzake mmoja alijitolea kupita kwake kila asubuhi wafuatane. Alifundisha hivyo majuma machache. Wanafunzi walikuwa wema, wakanyamaza mno, wakamfungulia milango. Asubuhi moja alimwambia mwenzake aende peke yake. Mwisho wa muhula Omosa na Anyona walibeba kitanda chake, vyombo na masanduku ya vitabu asivyoweza kusoma, wakavipeleka Magwagwa kwa mama yao.

Mama yao alikuwa mzee na hakuwa na maneno mengi. Alimwekea Nyanchera kiti upande wa jikoni, palipo na joto, akamfundisha kuchambua nafaka ya wimbi kwa vidole. Alimsemesha kwa Ekegusii tu, lugha ya kwao, na taratibu Kiswahili cha Nyanchera, kile kilichosikika darasa la jirani, kikawa hakisikiki pale nyumbani.

Omosa alimletea sauti iliyorekebishwa. Aliiweka kwenye simu, akamwonyesha kwamba haikati tena hata kwa mwendo wa juu kabisa. Nyanchera alisikiliza kwa subira. Kisha akatafuta mahali pa kupunguzia mwendo, akapunguza, akapunguza tena, mpaka sauti ikawa inasema kama mtu anayesinzia, polepole kuliko ilivyokuwa kabla Omosa hajaigusa. Akasikiliza ujumbe mmoja hivyo. Akaurudia. Akaurudia tena.

"Haitakata, dada," Omosa akasema. "Nimeipima."

"Najua umeipima," Nyanchera akasema. Akaurudia mara nyingine.

Wasimamizi wa maktaba walimwandikia Omosa. Ile sehemu ya simu za zamani haikuwa na mwangalizi, na hakuna aliyeifahamu kama yeye. Je, angekubali kuitunza? Hakujibu. Waliandika tena, kwa upole, wakieleza kwamba bila mtu wa kuipima hawataweza kuiacha humo. Hakujibu. Katika toleo lililofuata sehemu ile iliondolewa yote, mistari iliyopangwa na mikono minane na ile mitatu ya mwisho. Omosa alilisoma tangazo hilo akiwa amesimama, akafunga laptopu akaenda kumchukua mtoto shule.

Aliporudisha ile simu ya kioo kilichopasuka, Shueib alimwuliza kama alifanikiwa kuitesa. Omosa alisema ndiyo. Alikaa dukani kidogo, akamsaidia kufungua simu moja iliyokwama, na kesho yake akarudi. Sasa anafanya kazi hapo. Anauza vifuniko na chaja, anabadilisha vioo. Shueib anasema ana mkono mzuri. Wapo wanaokuja kuuliza kama kuna simu inayoweza kumsomea mzazi asiyeona. Omosa humwachia Shueib awajibu, akainama kutafuta kitu chini ya meza.

Sabato, baada ya kanisa, huwa anakwenda Magwagwa. Lavender alikuwa akifuatana naye, siku hizi mara nyingi hubaki na mtoto. Mama huwawekea chakula, kisha huenda kulala. Nyanchera humuuliza habari za Kemunto, za kazi, za barabara kama imetengenezwa. Omosa hujibu. Hawajawahi kuizungumzia Jumatano ile tangu siku yenyewe. Siku moja tu alijaribu. Alisema, "Dada, lile jambo," na Nyanchera akasema, "Wacha," na akamsogezea sahani ya ndizi.

Mara ya mwisho alipokwenda, simu haikuwepo mahali pake karibu na kiti. Aliiona juu ya kabati, imezimwa, imezungushiwa waya wa chaja.

"Imeharibika?" akauliza.

"Haijaharibika. Hakuna mtu ananitumia ujumbe."

Mvua ilianza, ile ya alasiri ya kila siku. Mama alikoroma chumbani. Omosa aliketi mpaka ikapungua, akasema itabidi aondoke kabla barabara haijaharibika, na Nyanchera akasema ni kweli, aende.